"Ni ya Ukoo" Si Mwisho wa Maneno

Katika zahanati na vituo vya afya vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga mpakani mwa Burundi hadi Kalya upande wa kusini, kauli moja haikosi kusikika pale mgonjwa anapoulizwa chanzo cha maradhi yake: "Hii ni ya ukoo." Mara huitamka mgonjwa, mara jamaa aliyemsindikiza, na mara nyingine mhudumu wa afya mwenyewe. Kauli hiyo si ya uongo, kwa kuwa magonjwa mengi hurithiwa kwa sehemu fulani. Kasoro yake ni kwamba hutamkwa kama hukumu. Ikishatamkwa, maswali hukoma. Mgonjwa hurudi nyumbani akiamini kwamba hakuna la kufanya, na pengine mtu mmoja katika familia, ambaye aghalabu ni mama, hubebeshwa lawama ya damu mbaya.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina methali mbili zinazoshindana juu ya jambo hili. Ya kwanza husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Watu huzitumia kana kwamba moja ni kweli na nyingine si kweli. Sayansi ya vinasaba imeonyesha kwamba zote mbili husema nusu ya ukweli. Jeni hutoa uwezekano. Malezi, chakula, kazi, mbu, umri na jinsia ndivyo huamua kwa kiasi kikubwa uwezekano huo utakuwa nini. Kwa sababu hiyo, kauli ya "ni ya ukoo" inapaswa kuwa mwanzo wa uchunguzi, wala si mwisho wake.

Herufi moja, maisha tofauti

Mfano ulio wazi kuliko yote ni selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka, idadi inayoiweka nchi hii miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa zaidi duniani. Vinasaba vya binadamu ni kama maandishi yenye herufi takriban bilioni tatu, na selimundu hutokana na badiliko la herufi moja tu katika maelekezo ya kutengeneza hemoglobini, yaani kile kinachobeba hewa ya oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja kwa kawaida huishi bila ugonjwa. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huwa mgonjwa.

Kama jeni ingekuwa ndiyo neno la mwisho, basi watu wote wenye herufi hiyo katika jozi yao yote miwili wangeishi maisha ya aina moja popote walipo. Haikuwa hivyo kamwe. Tabibu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Musoma kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria na kuchapisha matokeo yake mwaka 1956. Kati ya watoto wachanga 287, aliwakuta 9 wenye jeni mbili za selimundu, yaani karibu watatu katika kila mia. Kati ya watu wazima 654 aliwakuta 5 tu, yaani chini ya mmoja katika kila mia. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ni makaburi ya watoto. Kwa upande mwingine, kumbukumbu za wagonjwa wa Marekani zilizochapishwa mwaka 1994 zilionyesha kwamba nusu ya wanaume wenye ugonjwa huo walivuka umri wa miaka 42, na nusu ya wanawake walivuka miaka 48.

Jeni ni ile ile. Kilichotofautiana ni yale iliyokutana nayo: malaria au kutokuwepo kwake, dawa au kukosekana kwake, kugunduliwa mapema au kuchelewa. Na hata pale ambapo mazingira yalikaribiana, jinsia iliongeza tofauti ya miaka sita. Hesabu hizo zinatosha kumnyang'anya mtu yeyote haki ya kusema kwamba kilicho cha ukoo hakina tiba wala kinga.

Kwa nini jeni hii iko ziwani

Wapo wanaoiona selimundu kuwa laana iliyoingia katika familia. Historia yake ni tofauti. Mwaka 1954 Allison alitoa ushahidi kwamba watoto wenye jeni moja ya selimundu walikuwa na kinga dhidi ya malaria. Alikuwa ameona kwamba jeni hiyo ilipatikana kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, mahali penye mbu wengi, na kwa uchache katika nyanda za juu zenye baridi. Hesabu zake za Musoma zilisema jambo hilo hilo kwa njia nyingine: wenye jeni moja walikuwa 31 katika kila mia kwa watoto wachanga, lakini 38 katika kila mia kwa watu wazima. Malaria ilipopita, wao walibaki.

Kigoma ni nchi ya namna hiyo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza Tanzania Bara, takriban mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri chini ya miaka mitano akiwa na vimelea. Kwa hiyo jeni ya selimundu ipo mwambaoni kwa sababu iliwaokoa mababu wa watu wanaoishi hapo leo. Familia inayoibeba haikukosea wala haikurogwa.

Hata hivyo, zawadi ile ile ina ukali wake. Mtoto mwenye jeni mbili hapati kinga hiyo ya mwenzake. Malaria humpunguzia damu ambayo tayari ni pungufu, na inaweza kumwua haraka kuliko mtoto mwingine. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kwa mtoto wa selimundu ni sehemu ya matibabu yake, sawasawa na vidonge. Wazazi huambiwa mara nyingi kwamba mtoto wao "ana ugonjwa wa damu", lakini si wote wanaoambiwa kwamba adui wa kwanza wa damu hiyo anaruka usiku ndani ya nyumba, na kwamba anaweza kuzuiwa.

Umri hufungua na kufunga milango

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akionekana mzima. Katika miezi ya mwanzo damu yake bado ina hemoglobini ya tumboni, ambayo haiathiriwi na jeni hiyo. Inapopungua, kuanzia takriban mwezi wa sita, dalili hujitokeza: vidole na nyayo kuvimba, macho kuwa ya manjano, homa zisizokoma, damu kuisha, bandama kukua ghafla. Bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchuja vijidudu vya hatari kwenye damu, huharibika mapema, na mtoto hubaki wazi kwa maambukizi yanayoua kwa saa chache. Baadaye, katika miaka ya utotoni, huja hatari ya kiharusi. Ukubwani huja maumivu ya mifupa, vidonda vya miguu na kuchoka kwa figo.

Kwa maneno mengine, jeni haibadiliki lakini ugonjwa hubadilika kadiri miaka inavyosonga. Mhudumu asiyeuliza umri, au anayeuuliza kwa ajili ya kujaza safu ya daftari tu, hupoteza nusu ya taarifa anayoihitaji.

Hapo ndipo penye fursa kubwa. Miezi ile sita ya mwanzo, wakati mtoto bado hajaugua, ndiyo miezi ambayo mama humleta kliniki kwa chanjo na kupimwa uzito. Bila matunzo, sehemu kubwa ya watoto wenye selimundu barani Afrika hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na wengi huzikwa bila jina la ugonjwa wao kujulikana. Husemwa tu kwamba ilikuwa homa, au kwamba mtoto aliishiwa damu. Kumpima mtoto wakati ule anapoletwa kwa chanjo, kumwanzishia penisilini ya kukinga, kumkamilishia chanjo zake na kuwafundisha wazazi kupapasa bandama ni mambo yasiyohitaji hospitali kubwa. Vipo leo vipimo vya haraka vinavyotumia tone moja la damu, visivyohitaji umeme wala maabara. Dawa ya haidroksiyurea, inayoongeza ile hemoglobini ya tumboni, imethibitika kupunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto wa Afrika.

Usiku wa ziwani

Uchumi wa mwambao huu hutegemea kwa sehemu kubwa dagaa na migebuka. Wavuvi hutoka jioni na kukesha na taa zao katika usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, na kurudi alfajiri. Ni kazi ya baridi, ya kulowa, ya kuvuta nyavu kwa nguvu, ya kukosa usingizi, na mara nyingi ya kunywa maji kidogo. Kwa kijana wa kawaida ni kazi ngumu. Kwa kijana mwenye selimundu ni mkusanyiko wa karibu kila kitu kinachojulikana kuchochea maumivu makali: baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu mkubwa na maambukizi.

Kumwambia kijana huyo aache ziwa bila kumwuliza ataishi kwa nini si ushauri. Ushauri ni kukaa naye na familia yake na kutazama kazi zilizopo: kuanika na kuuza dagaa mchana, kushona nyavu, kutengeneza mashine za boti, duka, shule. Na kama hana budi kuvua, ni kuzungumza juu ya nguo kavu, maji ya kunywa ndani ya mtumbwi na kutotoka akiwa na homa. Hayo ni maelekezo ya kitabibu, ingawa hayaandikwi kwenye karatasi ya dawa.

Baba na mama, kijana na binti

Hakuna mahali ambapo ujinga wa vinasaba huumiza kama katika suala la jinsia. Selimundu haiwezi kutoka kwa mama peke yake. Ili mtoto augue, ni lazima baba na mama kila mmoja awe ametoa jeni moja. Wazazi wawili wenye jeni moja moja, katika kila mimba, wana uwezekano wa robo kupata mtoto mgonjwa, nusu kupata mtoto mwenye jeni moja kama wao, na robo kupata mtoto asiye nayo kabisa. Hesabu hiyo hurudi upya katika kila mimba. Mtoto mmoja kuugua hakuwakingi wadogo zake. Mwanamke anayerudishwa kwao kwa sababu "amezaa watoto wa hospitali" anaadhibiwa kwa nusu ya jambo ambalo nusu yake nyingine iko kwa mume. Kliniki nchini huitwa ya baba, mama na mtoto. Kwa selimundu jina hilo ni sharti la kitabibu: baba naye apimwe, na aelezwe akiwa ameketi kando ya mkewe.

Yapo pia magonjwa ya kurithi yanayowagusa wanaume zaidi. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao nao umeenea Afrika kwa sababu ya malaria, umebebwa kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu. Ikiwa na kasoro, hana ya akiba. Mwanamke ana mbili, hivyo mara nyingi huathirika kidogo zaidi. Wengi wenye upungufu huo hawajui kamwe kuwa wanao, hadi wanapokutana na dawa fulani. Dunia ilijifunza hilo kwa gharama: dawa ya malaria iliyochanganya kloproguanili na dapsoni, iliyokusudiwa hasa Afrika, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya majaribio kuonyesha kwamba ilivunja chembe za damu za wagonjwa wenye upungufu huo. Jeni ilikuwa kimya mpaka kidonge kilipoiamsha. Ndiyo maana mgonjwa anayepata mkojo mweusi kama chai ya rangi baada ya kumeza dawa anapaswa kurudi kituoni mara moja, na mhudumu anapaswa kuliandika tukio hilo kwenye kadi yake kwa herufi zinazosomeka.

Kwa wagonjwa wa selimundu wenyewe, mwili wa kike na wa kiume hukutana na mitihani tofauti. Ujauzito huongeza hatari kwa mama, na huhitaji hospitali tangu mwanzo, si siku ya uchungu. Wavulana na wanaume hupatwa na kusimama kwa uume kwa saa nyingi kwa maumivu, jambo ambalo aibu huwafanya walifiche mpaka madhara ya kudumu yatokee. Mhudumu anayeuliza kwanza, kwa faragha na kwa heshima, humwokoa kijana ambaye asingesema.

Kabila si kipimo

Ujiji ni fundisho lingine. Mji huo ulikutanisha misafara kutoka pwani, watu wa Manyema na sehemu nyingine za Kongo, Warundi, Waha, Waarabu na wengineo, nao wakaoana kwa vizazi. Mtu anayejaribu kukisia jeni ya mgonjwa kwa jina lake, kabila lake au rangi yake atakosea. Jeni ya selimundu imefuata mbu na ndoa, si mipaka ya makabila. Tone la damu husema kile ambacho jina haliwezi kusema.

Magonjwa ya jeni nyingi

Wengi wanaosema "ni ya ukoo" hawana selimundu akilini, bali shinikizo la juu la damu na kisukari. Hapa hakuna herufi moja ya kulaumiwa. Jeni zinazochangia ni mamia, kila moja kwa kiasi kidogo, na nafasi ya mwenendo wa maisha ni kubwa zaidi.

Ushahidi mmoja umetoka Afrika Mashariki yenyewe. Watafiti nchini Kenya waliwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini karibu na Ziwa Viktoria kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki, na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Shinikizo la damu la waliohama lilipanda ndani ya kipindi kifupi baada ya kufika mjini, sambamba na chumvi nyingi zaidi mwilini na uzito ulioongezeka. Ukoo ulikuwa mmoja. Kilichobadilika kilikuwa sahani.

Mkoa wa Kigoma una chumvi yake ya Uvinza, iliyochemshwa na kuuzwa kwa karne nyingi kabla ya barabara na reli. Chumvi yenye madini joto ni kinga ya rovu, na haipaswi kutupwa. Lakini Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na samaki wa chumvi huhesabiwa humo. Umri na jinsia navyo havikai pembeni: katika ujana wanaume hutangulia kwa shinikizo la juu, na wanawake huwafikia baada ya ukomo wa hedhi, wakati ambao wengi wao wameacha kuhudhuria kliniki kwa kuwa hawazai tena. Mama wa miaka hamsini na tano ambaye baba yake alikufa kwa kiharusi hajaandikiwa kiharusi. Amepewa sababu ya kupimwa mapema kuliko jirani yake.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo ya vinasaba ni anasa mahali ambapo mgonjwa hupanda boti kwa saa nyingi kutoka vijiji vya karibu na Mahale ili afike Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Pingamizi hilo ni la haki, lakini hujijibu lenyewe. Kadiri hospitali ilivyo mbali, ndivyo kujua mapema kunavyokuwa na thamani. Mzazi anayejua kwamba homa ya mtoto wake ni dharura hutafuta boti jioni ile ile; asiyejua husubiri kukuche. Vipimo na dawa za kinga vinapaswa kusafiri na chanjo hadi zahanati ya mwisho, kwa kuwa safari za chanjo tayari zipo.

Wengine wataonya kwamba kupima damu kutavunja ndoa na kuzuia posa. Hofu hiyo nayo ina msingi. Jibu lake ni siri ya mgonjwa na unasihi ulio wa kweli, si giza. Ndoa nyingi zaidi hujeruhiwa na vifo vya watoto visivyoelezeka, vinavyofuatwa na tuhuma za uchawi, kuliko na karatasi ya majibu iliyoelezwa vizuri kwa watu wawili kwa pamoja.

Kwa hiyo, pale mgonjwa anapotamka kwamba maradhi yake ni ya ukoo, mhudumu ana maswali ya kuendelea nayo: nani mwingine katika familia, na alianza akiwa na umri gani; ni mwanamume au mwanamke; anafanya kazi gani, usiku au mchana; anakula nini; analala chini ya chandarua; amewahi kudhurika kwa dawa gani. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza: kama ni ya ukoo, nifanye nini, na nani kati ya ndugu zangu aje kupimwa? Swali hilo la mwisho, likijibiwa, huweza kumleta kliniki mtoto ambaye bado hajaugua.